Majukumu ya kiungo wa chini katika Football Manager

Majukumu ya kiungo wa chini katika Football Manager ni maelekezo anayopewa mchezaji anayesimama kati ya mabeki wa kati na viungo wengine katika mchezo huo wa kompyuta. Katika soka la Afrika Mashariki mchezaji wa eneo hilo huitwa kiungo mkabaji au namba sita. Gemu ina majukumu kadhaa ya kumpa, kuanzia lile la kubaki mbele ya mabeki muda wote hadi lile la kukimbia mpaka ndani ya eneo la hatari la wapinzani. Uteuzi wa jukumu hilo hugusa timu nzima, kwa kuwa eneo lililo mbele ya mabeki wa kati ndiyo njia fupi kuliko zote ya kufika golini.

Katika makala hii "meneja" ni mtu anayecheza gemu, na "mchezaji" ni mwanasoka aliye ndani ya gemu. Majina ya majukumu yametafsiriwa kwa Kiswahili, isipokuwa regista na segundo volante, ambayo gemu yenyewe imeyachukua kutoka Kiitalia na Kireno.

Historia

Football Manager hutengenezwa na Sports Interactive, studio ya Uingereza iliyoanzishwa na ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, na hutolewa na kampuni ya Sega. Gemu yao ya kwanza, Championship Manager, ilitoka mwaka 1992. Studio ilipoachana na kampuni ya Eidos, jina la Championship Manager lilibaki kwa Eidos. Kwa hiyo studio ikaanza na jina jipya katika Football Manager 2005, iliyotoka Novemba 2004.

Football Manager 2010 ilileta mfumo wa kumpa kila mchezaji jukumu lenye jina, badala ya meneja kupanga kila tabia yake moja moja. Majukumu mengine yaliongezwa baadaye. Kwa mfano segundo volante liliingia katika Football Manager 2018. Maelezo yanayofuata yanahusu mfumo uliotumika hadi Football Manager 2024. Mabadiliko ya Football Manager 26 yameelezwa mwishoni.

Nafasi, jukumu na wajibu

Maelekezo ya mchezaji yana sehemu tatu ambazo ni rahisi kuchanganywa.

Nafasi ni mahali mchezaji anaposimama kwenye ubao wa mbinu. Ubao huo huonyesha zaidi jinsi timu inavyojipanga isipokuwa na mpira. Mchezaji akiwekwa katika mstari ulio kati ya mabeki na viungo, hurudi karibu na mabeki wa kati timu inaposhambuliwa. Akiwekwa mstari mmoja juu, pamoja na viungo wa kati, hulinda juu zaidi na kuacha eneo nyuma yake. Jambo hili ni muhimu kwa sababu baadhi ya majukumu, kama mchezeshaji wa chini, hupatikana katika mistari yote miwili. Jina ni lilelile, lakini eneo linalolindwa si lilelile.

Jukumu ni aina ya kazi anayofanya mchezaji. Kila jukumu huja na maelekezo ambayo meneja hawezi kuyaondoa, na mengine anayoweza kuyaongeza.

Wajibu ni kiasi cha kwenda mbele. Kuna wajibu wa kulinda, wa kusaidia na wa kushambulia. Jukumu moja linaweza kuwa na wajibu zaidi ya mmoja.

Orodha ya majukumu

Nanga
Nanga ana wajibu wa kulinda tu. Hubaki mbele ya mabeki wa kati, hutoa pasi fupi na rahisi, wala hafuati mpira pembeni. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa aliyeichezea Ufaransa. Real Madrid ilimuuza Chelsea mwaka 2003, majira yaleyale ilipomsajili David Beckham. Chelsea ikatwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2004–05 kwa kufungwa mabao 15 tu katika mechi 38, ilhali Madrid haikutwaa tena ubingwa wa Hispania hadi 2007. Tofauti hiyo ilikuwa na sababu nyingi, lakini iliwafanya wengi watambue thamani ya mchezaji asiyeonekana sana.

Kiungo mkabaji
Hili ni jukumu la kawaida, lisilo na tabia kali. Akiwa na wajibu wa kulinda hufanana na nanga, lakini meneja ana uhuru zaidi wa kumwongezea maelekezo. Akiwa na wajibu wa kusaidia husogea mbele kidogo timu inaposhambulia ili apokee mpira unaorudishwa nyuma.

Nusu-beki
Nusu-beki hushuka katikati ya mabeki wa kati timu inapokuwa na mpira. Mabeki hao hutanuka kulia na kushoto, nyuma huwa na watu watatu, na mabeki wa pembeni hupata ruhusa ya kupanda. Kocha Mwargentina Ricardo La Volpe alijulikana kwa mtindo huu alipoifundisha Mexico kwenye Kombe la Dunia la 2006. Baadaye Sergio Busquets aliufanya akiwa Barcelona chini ya Pep Guardiola, huku Dani Alves akipanda upande wa kulia kama winga.

Mpokonyaji mpira
Mpokonyaji humfuata mwenye mpira popote alipo karibu naye, na huingia kwa nguvu. Ana wajibu wa kulinda au kusaidia. Faida yake ni kuwanyima wapinzani muda wa kufikiri. Hasara yake ni kwamba huacha mahali pake, na huweza kukusanya kadi. N'Golo Kanté wa Leicester City iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 ni mfano mzuri, na ni vizuri kukumbuka kwamba kando yake alisimama Danny Drinkwater, aliyebaki na kugawa pasi.

Mchezeshaji wa chini
Huyu hupanga mashambulizi kutoka nyuma. Kama ilivyo kwa wachezeshaji wote katika gemu hii, wenzake humtafuta kwa pasi kuliko wanavyowatafuta wengine. Akiwa na wajibu wa kulinda hubaki chini. Akiwa na wajibu wa kusaidia hufuata shambulizi kwa nyuma.

Regista
Neno hili kwa Kiitalia lina maana ya mwongozaji wa filamu. Regista ni mchezeshaji wa chini mwenye uhuru mkubwa: hutembea kutafuta mpira, na hujaribu pasi za hatari mara nyingi. Andrea Pirlo, aliyeanza kama kiungo mshambuliaji kisha akarudishwa nyuma, ndiye mfano unaojulikana zaidi. AC Milan ilitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 na 2007 Pirlo akiwa na Gennaro Gattuso karibu naye, na Gattuso ndiye aliyekimbia na kupokonya.

Mchezeshaji mzururaji
Huyu huanza chini, kisha hupanda na mpira na kuonekana kila mahali. Anahitaji pumzi na kasi kuliko regista, kwa kuwa mpira huusogeza kwa kukimbia nao kama anavyousogeza kwa pasi.

Segundo volante
Nchini Brazil kiungo wa chini huitwa volante, jina linalohusishwa na Carlos Volante, Mwargentina aliyeichezea Flamengo kuanzia 1938. Timu ikiwa na wawili, wa kwanza hubaki na wa pili hupanda. Segundo volante ni huyo wa pili. Ana wajibu wa kusaidia au kushambulia, na hufika kwa kuchelewa kwenye eneo la hatari ili apige shuti. Corinthians, mabingwa wa Copa Libertadores mwaka 2012, walimtumia Paulinho kwa namna hii huku Ralf akibaki nyuma.

Kanuni ya msingi: nani anabaki

Katika mifano ya Kanté, Pirlo na Paulinho kuna jambo moja linalojirudia: mchezaji anayeondoka ana mwenzake anayebaki. Hii ndiyo kanuni inayosaidia zaidi katika uteuzi. Kabla ya kuuliza mchezaji gani ana uwezo mkubwa, meneja huuliza: timu ikipoteza mpira sasa hivi, nani atakuwa amesimama mbele ya mabeki wa kati?

Gemu yenyewe haijibu swali hilo moja kwa moja. Kwenye ubao wa mbinu huonyesha kwa duara la rangi jinsi mchezaji anavyofaa nafasi na jukumu alilopewa. Duara hilo humpima mchezaji peke yake. Halijui kama beki wa kulia ameambiwa apande, wala kama viungo wawili walio mbele yake wote wana wajibu wa kushambulia. Timu inaweza kuwa na maduara ya kijani kuanzia kipa hadi mshambuliaji, na bado ikapasuliwa katikati kila mechi.

Kwa hiyo uteuzi wa kiungo wa chini hufanywa vizuri zaidi mwishoni, baada ya kuamua wanaokwenda mbele. Kama kumbukumbu rahisi, timu inayoshambulia kwa uwiano huacha watu wanne au watano nyuma ya mpira. Mabeki wa kati wawili huhesabiwa kwanza, na waliobaki hutafutwa kati ya mabeki wa pembeni na viungo.

Uteuzi kulingana na mfumo wa timu

Kiungo mmoja wa chini
Katika mfumo wa 4-3-3 wenye kiungo mmoja wa chini, mchezaji huyo hana wa kumzibia. Majukumu salama ni nanga, kiungo mkabaji mwenye wajibu wa kulinda, nusu-beki, au mchezeshaji wa chini mwenye wajibu wa kulinda.

Mfano ufuatao unaonyesha kinachotokea uteuzi ukikosewa. Meneja ana 4-3-3. Mabeki wote wawili wa pembeni wana wajibu wa kushambulia, na viungo wawili wa juu wanapanda. Kiungo wa chini ana alama nzuri za kupokonya na ukali, kwa hiyo anapewa jukumu la mpokonyaji mpira. Mpira unapotea upande wa kulia. Beki wa kulia yuko juu, hivyo mpokonyaji anakimbilia pembeni kumkaba winga wa wapinzani. Winga anarudisha pasi moja katikati. Namba kumi wa wapinzani anaupokea akiwa peke yake, mita chache mbele ya mabeki wa kati. Beki mmoja analazimika kumfuata, na mshambuliaji anakimbia kwenye pengo aliloliacha. Ripoti ya mechi inaonyesha mpokonyaji alishinda mipira mingi, na meneja anawalaumu mabeki wa kati.

Katika hali hiyo kuna marekebisho mawili. La kwanza ni kumbadilisha kiungo wa chini awe nanga au kiungo mkabaji. La pili ni kumwacha mpokonyaji na kumpunguzia beki mmoja wa pembeni wajibu, abaki nyuma. Kununua beki mpya wa kati, ambalo ndilo jambo wengi hulifanya kwanza, halizibi pengo.

Regista akiwa peke yake chini huweza kufanya kazi, lakini kwa gharama. Angalau kiungo mmoja wa juu na beki mmoja wa pembeni huhitajika kubaki ili kufunika uzururaji wake.

Viungo wawili wa chini
Katika 4-2-3-1 yenye viungo wawili wa chini, kazi hugawanywa. Jozi zinazoelewana ni hizi:

– Nanga na segundo volante: mmoja habanduki, mwingine huongeza mtu katika shambulizi.
– Kiungo mkabaji mwenye wajibu wa kulinda na regista: mmoja hulinda, mwingine huchezesha.
– Mchezeshaji wa chini mwenye wajibu wa kulinda na mpokonyaji mwenye wajibu wa kusaidia: mmoja hushika mahali, mwingine huwinda mpira.

Jozi mbaya ni ile yenye watu wawili wanaoondoka, kama wapokonyaji wawili au regista na segundo volante mwenye wajibu wa kushambulia. Jozi ya watu wawili wanaobaki, kama nanga na kiungo mkabaji wa kulinda, ni salama lakini huleta tatizo jingine: namba kumi na mshambuliaji hukatika na wenzao, na mpira huzunguka nyuma bila kusonga. Hata hivyo jozi hiyo hufaa timu ndogo inapolinda bao moja ugenini.

Katika soka halisi Mkenya Victor Wanyama alicheza katika jozi ya aina hii. Msimu wa 2016–17 alipokuwa Tottenham Hotspur alipangwa mara nyingi na Mousa Dembélé. Wanyama alikaba na kushika eneo, na Dembélé aliupandisha mpira kwa kukimbia nao. Timu ilimaliza ya pili katika Ligi Kuu ya Uingereza na kufungwa mabao 26, machache kuliko timu nyingine zote.

Mabeki watatu wa kati
Timu yenye mabeki watatu wa kati tayari ina watu watatu nyuma, kwa hiyo nusu-beki hana faida kubwa: anaposhuka, huwa wa nne mahali ambapo hahitajiki, na katikati hubaki wazi. Hapa meneja anaweza kuthubutu zaidi, kwa mfano kumtumia regista au mchezeshaji mzururaji, kwa sababu beki wa kati wa upande mmoja anaweza kusogea kufunika pengo.

Sifa za mchezaji

Sifa za mchezaji hupimwa kwa alama 1 hadi 20. Baada ya kujua jukumu linalohitajika, meneja huangalia sifa zinazolibeba.

Kwa wanaobaki, sifa kubwa ni kujipanga, kusoma mchezo, umakini na maamuzi. Kupokonya mpira kuna umuhimu, lakini mchezaji anayejipanga vizuri hukata pasi kabla ya kulazimika kumwingilia mtu. Kasi ndogo inavumilika kwa nanga kuliko kwa mpokonyaji.

Kwa mpokonyaji, huongezeka bidii, pumzi, ukali, ujasiri na kasi. Mpokonyaji mwenye ukali mwingi na maamuzi mabaya ni mchezaji wa kutolewa kwa kadi nyekundu.

Kwa wachezeshaji, sifa kubwa ni pasi, kutuliza mpira, ufundi, kuona pasi, utulivu na maamuzi. Utulivu hausemwi sana, lakini mchezeshaji wa chini hupokea mpira akiwa ameligeuzia mgongo lango la wapinzani na huku anakabwa. Akiupoteza hapo, hakuna wa kumwokoa isipokuwa mabeki wa kati na kipa.

Kwa segundo volante, huongezeka pumzi, kujitafutia nafasi bila mpira na kupiga mashuti ya mbali.

Tabia binafsi za mchezaji nazo huhesabiwa. Mchezaji mwenye tabia ya kupanda kila anapopata nafasi hawi nanga mzuri hata sifa zake zikiwa za juu. Tabia hizo zinaweza kubadilishwa kwa mazoezi, lakini huchukua muda.

Kukagua uteuzi

Meneja anaweza kupima uteuzi wake bila kusubiri msimu uishe. Gemu huonyesha wastani wa mahali walipokuwa wachezaji timu ilipokuwa na mpira na ilipokuwa bila mpira. Picha ya bila mpira ikionyesha pengo kubwa kati ya mabeki wa kati na mtu aliye mbele yao, jukumu au nafasi ya kiungo wa chini ina kasoro.

Njia ya pili ni kutazama tena mabao matano au sita ya mwisho yaliyofungwa na wapinzani, kuanzia pale mpira ulipopotea, na si kuanzia krosi au shuti. Swali ni moja katika kila bao: kiungo wa chini alikuwa wapi, na alikuwa pale kwa kuagizwa au kwa makosa yake? Kama aliagizwa, mbinu ndiyo ya kubadilishwa. Kama ni makosa yake, sifa zake hazitoshi kwa jukumu hilo.

Inafaa kubadilisha jambo moja kwa wakati. Meneja anayebadilisha mfumo, majukumu na kikosi kwa siku moja hawezi kujua ni lipi lililoleta matokeo.

Mabadiliko katika Football Manager 26

Toleo lililotarajiwa kuwa Football Manager 25 lilifutwa Februari 2025, na lililofuata, Football Manager 26, lilitoka Novemba 2025. Toleo hilo liliondoa wajibu wa kulinda, kusaidia na kushambulia. Mahali pake kila mchezaji hupewa majukumu mawili, moja la timu inapokuwa na mpira na jingine la isipokuwa nao. Kiungo wa chini anaweza kuwa mchezeshaji timu yake ikiwa na mpira, na timu ikiupoteza akatakiwa kuziba njia mbele ya mabeki, kukaba kwa presha au kushuka kwenye safu ya mabeki.

Mfumo huu unaonyesha waziwazi kile ambacho zamani meneja alilazimika kukikisia. Hata hivyo hauondoi kanuni ya nani anabaki. Jukumu la bila mpira humwambia mchezaji mahali pa kurudi. Umbali atakaokimbia ili afike hapo bado unategemea jukumu alilopewa timu ilipokuwa na mpira. Kiungo aliyetumwa hadi eneo la hatari la wapinzani ana zaidi ya nusu uwanja wa kurudi, na shambulizi la kushtukiza halimsubiri.